Tochi zimejaa Dar–Mbeya, mbona bado tunazikana? Niliyoyaona miaka 11 kwenye usukani

Mwana wa Usukani:

Wakuu, heshima zenu.

Nimeendesha mabasi ya mkoani miaka 11, mingi kati ya hiyo njia ya Dar–Mbeya. Niliacha mwenyewe, sikufukuzwa. Nyuzi za matrafiki nimezisoma nyingi na nyingi ni za hasira: wanatubana, wanajificha, wanakula. Mimi nina swali jingine ambalo limenikalia moyoni tangu niache kazi. Tochi za trafiki za kupimia mwendo zipo kila baada ya vijiji viwili vitatu, faini zinalipwa, na bado watu wanakufa. Kwa nini?

Nianze na siku iliyoniondoa barabarani.

Tulikuwa tunatoka Mbeya. Tumeiacha Ilula nyuma, na kwenye kijiji kimoja kabla ya kuanza kuteremka mlima Kitonga tukapita tochi. Mbele kidogo nikakutana na basi la wenzetu linaelekea Iringa, linakuja limefungua mwendo. Nikampiga taa mbili, desturi yetu madereva ya kuonyana kwamba mbele kuna tochi. Akanipungia mkono, akapunguza, akapita pale kwa trafiki chini ya 50 bila kosa lolote. Alipotoka kwenye lile eneo akakanyaga mafuta kufidia zile dakika. Hakufika Iringa mjini. Kulikuwa na lori limekufa kwenye kona, na utingo wake alikuwa ameweka matawi ya miti hatua chache tu nyuma ya tela.

Habari ilinikuta Ruaha Mbuyuni, abiria wanakula. Yule dereva tulikuwa tunafahamiana, tumeshalala nyumba moja ya wageni mara nyingi. Taa zangu zilimwepusha na faini ya 30,000. Nilishindwa kumalizia safari, dereva mwenza ndiye aliyeshika usukani mpaka Dar.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza hivi. Tochi inapima mwendo wako hapo ulipo, kwa sekunde hiyo tu. Dereva mzoefu wa mkoani haiogopi sheria, anaogopa mahali. Anajua mwembe gani wanakaa chini yake, kalvati gani, saa ngapi wanabadilishana zamu. Asipojua ataambiwa kwa taa, kwa simu, au kwenye grupu la WhatsApp. Kati ya tochi na tochi ni uwanja wake. Na ajali nyingi nilizozikuta kwa macho yangu zilikuwa huko katikati, kwenye kona, kwenye miteremko na usiku wa manane.

Sasa njooni kwenye hesabu ambayo haihitaji mashine. Dar hadi Mbeya ni kama kilomita 830. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari la uzito unaozidi kilo 3,500 lisizidi kilomita 80 kwa saa, na kila penye makazi mwisho ni 50. Ukienda na 80 tupu bila kupunguza kijiji chochote, bila kusimama kula, bila kujipanga nyuma ya malori yanayopanda Kitonga kwa mwendo wa kinyonga, utatumia saa 10 na dakika 22. Mtu akikwambia basi lake linafika kwa saa 10 na abiria wamekula njiani, hilo basi limevunja sheria. Haijalishi kama kuna trafiki aliyeliona. Saa ya kuondoka stendi ya Mbezi, Dar, na saa ya kuingia stendi ya Mbeya zinatosha kuwa ushahidi.

Mwendo wenyewe unafanya nini? Gari dogo lenye breki nzima, lami kavu, dereva yuko macho na anatumia sekunde moja kushtuka: ukiwa na 50 utasimama ndani ya mita 28 hivi. Ukiwa na 80 ni mita 58. Ukiwa na 100 ni mita 84. Basi lililojaa watu na mizigo linahitaji zaidi ya hapo. Sasa rudini kwenye yale matawi yaliyowekwa hatua chache nyuma ya tela. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4. Mwendo unaongezeka kidogo, mauti yanaongezeka mara nne yake.

Mtauliza kwa nini tunakimbia. Kwa sababu bosi analipa kwa safari, na ukichelewa mara mbili basi anapewa mwingine. Kwa sababu faini inakatwa kwenye posho yako lakini kuchelewa kunakatwa kwenye kazi yako. Mtu mwenye watoto atachagua faini. Nilichagua faini miaka yote.

Ninachopendekeza ni hiki: mwendo upimwe kwa kipande kizima cha njia, siyo kwa mwembe. Mabasi tayari yana VTS, ile mashine ya kufuatilia mwenendo inayopeleka taarifa LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Siku hizi kuna na kitufe cha utambuzi wa dereva, kwa hiyo inajulikana nani alikuwa kwenye usukani. Basi lililoingia Mbeya kabla ya wakati unaowezekana kisheria, dereva aulizwe palepale stendi, na aliyempangia ratiba aulizwe naye. Faini ya dereva peke yake haijawahi kumfikia aliyeitaka ile mbio.

Nawasilisha. Karibuni, hata wa kunipinga.

Noah ya Silva:

Mkuu pole sana kwa huyo rafiki. Lakini hapo kwenye tochi umekuwa mpole. Mimi nina Noah, nakwenda Morogoro kila wiki. Kuna vijiji kibao cha kuanza 50 kipo, kibao cha kumaliza 50 kiling'olewa siku nyingi, labda kiliishia kwa wauza chuma chakavu. Unatoka kijijini, nyumba zimeisha, ni mashamba tupu kushoto na kulia, unaongeza mwendo, unakuta mtu ametokea kwenye mahindi na tochi. Anakwambia bado uko ndani ya 50. Utabishana na nani? Ukitaka kwenda mahakamani siku yako imekufa. Unalipa.

Mwana wa Usukani:

Noah ya Silva, hapo siwezi kukupinga. Kibao kisipokuwepo dereva anaadhibiwa kwa kosa la aliyetakiwa kukirudisha. Na ina madhara zaidi ya hela yako: ukishaonewa mara tatu, unaanza kuamini kwamba hata kibao halali mbele ya shule ni mtego. Nimeona madereva wazuri wakiharibika hivyo. Unapolipa, omba uandikiwe na uangalie deni kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi. Ukilipia kwa namba ya malipo, ile hela inaonekana imekwenda serikalini.

Mama Wawili:

Mimi ni mke wa trafiki na nimesoma yote mpaka hapa.

Mume wangu anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anarudi jua limezama, ile nguo nyeupe imekuwa rangi ya udongo. Nimeifua, naijua. Mwenzake mmoja aligongwa na Fuso iliyokataa kusimama, mguu ukakatwa. Wanaochukua hela wapo, sikatai, na mimi na mume wangu tuligombana juu ya hilo kabla hatujaoana. Lakini yule anayekataa hela naye mumwangalie. Akizuia basi lenye tairi kipara, simu zinaanza kupigwa. Mwenye basi anamjua mkubwa fulani. Halafu abiria wenyewe wanashuka: "Afande tunachelewa, tuachie, una roho mbaya." Watu 60 wanamzomea mtu aliyeona tairi ambayo ingewaua. Siku moja alirudi nyumbani akaniambia, nimeliachia, nimechoka kutukanwa. Hakulala usiku ule mpaka aliposikia limefika.

Mwana wa Usukani:

Shemeji, nakushukuru kuandika. Na nina deni la kukiri mbele yako.

Hiyo kelele ya abiria mara nyingi haitokei yenyewe. Sisi tulikuwa tunaitengeneza. Konda anashuka na kadi ya gari, anazunguka nyuma ya basi na afande. Ikishindikana huko nyuma anarudi mlangoni na kusema kwa sauti: "Jamani, huyu bwana anataka kutulaza hapa." Anasema hivyo tu, kisha anakaa pembeni. Mama mwenye mgonjwa Muhimbili anaanza kulia, kijana mwenye usaili kesho anashuka, na ndani ya dakika kumi afande amezungukwa. Nilikaa kwenye usukani nikatazama hayo zaidi ya mara moja, nikijua kabisa breki yangu ina tatizo gani.

Watu wakisikia rushwa ya barabarani wanafikiria ile noti. Noti ni ndogo. Kilichouzwa pale ni ukaguzi. Trafiki akishapokea hawezi tena kuinama kutazama tairi, wala kumwambia dereva "macho yako mekundu, kalale". Amepoteza haki ya kusema. Ndiyo maana mumeo nampa heshima kuliko anavyojua.

Mwalimu Ngaramtoni:

Naunga mkono kuhusu mahali. Sisi wa huku Arusha hatuwezi kusahau Mei 6, 2017. Basi la wanafunzi lilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu, wakafariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa kujipima na shule nyingine. Ilikuwa mteremko, na mvua. Nafundisha darasa la saba mpaka leo, na kila safari ya shule nahesabu watoto na viti mwenyewe kabla gari halijawashwa. Nikikuta mtoto mmoja hana kiti, safari haiondoki. Wazazi wengine wameninunia kwa hilo. Ninachotaka kusema: trafiki anayekagua gari la watoto asubuhi kabla halijatoka ana thamani kuliko watano waliokaa na tochi kwenye tambarare. Kwenye tambarare dereva anakimbia kwa sababu barabara imenyooka. Kwenye mteremko ndiko watu wanakofia.

Semi Rusumo:

Naendesha semi, Dar–Kigali, mara nyingine Bukavu. Mkuu unayosema ni kweli na ninaiona kwa mwili wangu kila wiki mbili. Upande wetu huku nakimbia na kupunguza, nakimbia na kupunguza. Nikivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda nahamia kulia kwa barabara, na mguu unakuwa mwepesi wenyewe. Kule kuna kamera za barabarani, wananchi wamezipa jina la Sofia. Sofia haulizi wewe ni wa nani. Haina mkubwa wa kupigiwa simu. Gari la mtu mkubwa na pikipiki ya mkulima, zote deni linaingia kwenye namba. Dereva yuleyule, mimi huyuhuyu, lori lilelile. Kilichobadilika ni kwamba sijui nitakwepa vipi.

Mwana wa Usukani:

Semi, huo ushuhuda ni mzito. Niongeze tu kwamba hata kamera ikikaa mahali pamoja watu wataizoea kama mwembe. Kupima kipande kizima ndiko kunakofunga huo mlango: gari linapigwa picha likiingia kipande cha njia na likitoka, muda unagawanywa. Ukikimbia katikati itabidi ukapaki mahali usubiri. Sasa nani atakimbia ili akakae chini ya mti?

Jirani wa Thika Road:

Hamjambo majirani. Mimi ni Mkenya, niruhusuni nichangie.

Sisi tulipitia haya. Februari 2004 sheria za waziri John Michuki zilianza kutekelezwa: kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa kila matatu, mikanda kila kiti, mstari wa manjano ubavuni, dereva na makanga wavae sare. Matatu ziligoma, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, lakini mzee hakurudi nyuma. Zilipofufuka zilikuwa matatu tofauti. Abiria 14, wote wameketi, wote wamefunga mkanda. Niliiona na sitasahau, mamangu alikuwa anashika mkanda wake kana kwamba ni zawadi. Kisha mwisho wa 2005 Michuki akahamishiwa wizara nyingine. Vidhibiti mwendo vikaanza kuchezewa, mikanda ikawa ya kufunga tu karibu na kizuizi cha polisi na kufungua ukishapita. Kwa hivyo usitegemee waziri mmoja, wala kamanda mmoja.

Lakini kuna jambo jingine lililotokea kwetu ambalo naona halijasemwa hapa. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walibandika vibandiko ndani ya matatu za masafa marefu. Zilihusika matatu zaidi ya 1,000, nyingine zikapewa na nyingine zikaachwa ili walinganishe. Kibandiko kilimwambia abiria kitu kimoja: dereva akiendesha vibaya, sema. Dereva aliyekiacha bila kukibandua aliingizwa kwenye bahati nasibu ya kila wiki. Waliposoma rekodi za bima, madai ya ajali kwa matatu zenye vibandiko yalikuwa yamepungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Karatasi ya gundi na midomo ya watu.

Mwana wa Usukani:

Jirani, karibu sana. Hili limenigusa kwa sababu nalijua kutoka upande wa pili wa usukani. Abiria mmoja akisema "dereva punguza", unamsikia na unampuuza, konda anamwambia ashuke apande ndege. Watatu wakisema, mguu unatoka wenyewe. Hakuna dereva anayeweza kuendesha vizuri huku amewageuzia mgongo watu 60 wanaomchukia. Abiria walewale tuliokuwa tunawachochea kumzomea afande, wangeweza kutuzomea sisi.

Boda wa Kimara:

Naomba na sisi tusisahauliwe. Mwaka 2021 serikali ilitushushia faini ya bodaboda na bajaji kutoka 30,000 hadi 10,000, tulishukuru sana, kwa sababu 30,000 kwa mtu anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni ilikuwa inamfanya akimbie. Na kukimbia trafiki ndiko kulikotuua, unaingia barabara ya magari bila kutazama. Sasa wengi tunasimama.

Tatizo langu ni abiria. Kofia ninayo ya pili, safi. Dada amesuka jana hataki kuivaa. Kaka anasema ni hapo tu mbele. Nikimkatalia anapanda ya mwenzangu, tena mshikaki wa watu watatu. Mkaguliwe na nyie abiria.

Mwana wa Usukani:

Boda, uko sahihi, na mimi mwenyewe nimewahi kupanda bila kofia nikisema ni hapo mbele. Sitarudia. Wenye mawazo ya hizo kofia, vitambaa vya kuvaa ndani na kadhalika, fungueni uzi wake, unastahili kujitegemea.

Binti Tukuyu:

Samahani kwa kuingilia. Mama yangu anapanda basi Mbezi kesho alfajiri, anakuja Tukuyu. Nimesoma uzi huu na usingizi umeniruka. Yeye si mtu wa kugombana na makondakta. Afanye nini?

Mwana wa Usukani:

Binti, mama asihangaike na mambo mengi. Kiti kiwe cha katikati ya basi, siyo mbele kabisa wala nyuma kabisa. Mkanda avute kabla basi halijaondoka. Ukiwa haupo au umekwama, ni hapo stendi pa kudai, akiwa bado ana uwezo wa kubadilishiwa kiti. Atazame kama madereva ni wawili, kwa safari inayozidi saa 8 ndivyo inavyotakiwa. Aandike namba ya basi akutumie. Namba ya bure ya LATRA huwa imebandikwa ndani, aitafute na akutumie nayo, ili wewe ukiwa umetulia nyumbani ndiye upige kama kuna jambo. Na akiona mwendo umezidi asipige kelele kwa dereva. Amwambie jirani yake wa kiti kwanza. Jirani naye atakuwa anaogopa vilevile, anasubiri mtu wa kuanza.

Mwambie asafiri salama. Na akifika tuandikie, tafadhali.

Binti Tukuyu:

Wakuu, mama amefika. Saa nne kasoro usiku. Mkanda ulikuwa umezama chini ya kiti, konda akautoa mwenyewe alipombembeleza. Basi lilisimamishwa mara saba njiani. Anasema walipoipita Igawa giza lilikuwa limeingia na dereva akaanza kuyapita malori hovyo. Akamnong'oneza baba aliyekaa naye. Yule baba akasimama akasema kwa adabu tu, "Dereva, tuna watoto humu." Nyuma wakaitikia wanne au watano. Jamaa akarudi nyuma ya lori, akatulia hapo mpaka Uyole.

Mama Wawili:

Alhamdulillah. Nimemsomea mume wangu hii. Amenyamaza kidogo, kisha akauliza basi lilisimamishwa wapi mara saba.